Timu yangu ilinifukuza siku ya finali, nikapelekwa kwa mama mukwe Bwegera

Wakuu, salamu nyingi kutoka Uvira, mtaa wa Songo.

Kiswahili changu ni cha huku ziwani. Mkikuta "iko" nyingi, "njo" badala ya ndiye na "minye" badala ya mimi, mnivumilie, nimezaliwa hivi. Lakini habari yenyewe ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Anayebisha aje Songo aulize nyumba ya Papa Neema. Ataonyeshwa mpaka mlangoni, na wanaomwonyesha wataanza kucheka kabla hajamaliza kuuliza.

Mimi ni shabiki wa Mukeke, timu ya mtaa wetu. Jina tumelitoa kwa yule samaki wa ziwa letu. Wapinzani wanasema mtu anayeipa timu jina la samaki asishangae ikiliwa. Tumezoea.

Naifuata tangu niko shule ya primaire, marehemu baba akinibeba mabegani. Tangu siku hizo mpaka msimu uliopita, Mukeke haikuwahi kuchukua kombe. Hata moja. Kuna shindano moja la parokia ambapo karibu kila timu ilirudi na kitu, sisi tukarudi na majeruhi.

Nimeoa, nimezaa, Neema wangu sasa iko secondaire. Kombe hakuna.

Rafiki zangu wengi walichoka, wakahamia timu za Ulaya. Wanachukua makombe wakiwa wamekaa mbele ya televisheni wanakula brochette, mishikaki ya huku. Minye nilishindwa. Timu ya televisheni haikujui. Golikipa wa Mukeke, jina lake Dunia, njo kinyozi wangu. Akifungwa goli la kijinga Jumapili, Jumatatu ninakaa kwenye kiti chake, yeye ameshika wembe, na inabidi minye njo nimfariji.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akiita Mukeke "ule mke wako mkubwa". Alikuwa hajakanyaga uwanjani hata siku moja.

Sasa msimu uliopita, pamoja na haya yote ya huku kwetu mnayosikia kwenye redio, mpira ulichezwa. Na Mukeke ikaanza kushinda. Hatukuelewa. Watu walikuwa wanarudi nyumbani kimya, kama wameokota kitu cha mtu na wanaogopa mwenyewe atakuja kukidai.

Tukaingia finali. Mpinzani: Radi ya Kavimvira. Hawa ni watoto wa mpakani, mashabiki wao ni wafanyabiashara na wabadilisha pesa. Kombe wanalo kabatini, na wanalipangusa vumbi kwa makusudi tukipita.

Wiki ya finali Prezida Safari akaniita kwenye mkutano wa komite. Huyu ni mwenyekiti wa mashabiki, anauza mbao hapo Songo, na mikutano tunafanyia juu ya mbao zake. Nikaoga, nikavaa jezi. Nilijua wananipa ngoma. Shabiki wa siku nyingi kama minye, siku ya finali, si njo inafaa kupiga ngoma?

Nikafika, nikakuta watu wote wameangalia chini.

Prezida akakohoa. Akasema, "Papa Neema, tunakupenda. Hakuna mutu hapa hakupendi."

Wakuu, mtu akikuanza hivyo, jua umekwisha.

Akaendelea: "Lakini tumechunguza. Weye uko na mikosi."

Nikacheka. Wao hawakucheka.

Wakaanza kutoa ushahidi. Mechi niliyokosa kwa sababu ya msiba Makobola, tulishinda. Mechi niliyokosa nikiwa na malaria, tulishinda. Nusu finali nilichelewa, moto niliyopanda, yaani pikipiki, ilipata pancha, na Mukeke ilikuwa inaongoza. Nilipoingia tu getini, tukafungwa. Nikatoka nje kukojoa, tukafunga.

"Kumbe mulikuwa munanichunga mpaka kukojoa?" nikauliza.

"Ndiyo," akajibu jamaa mmoja pale nyuma, bila haya. "Minye njo nilitumwa."

Nikasema hiyo ni bahati mbaya tu, watu wengine pia walikuwepo. Prezida akaweka mkono wake begani kwangu, kwa huruma kabisa. "Papa Neema, hatusemi weye ni mulozi. Mulozi anafanya kusudi. Weye unafanya bila kujua. Lakini finali hutakuja."

Na haikutosha nikae nyumbani. Songo ni karibu, walisema, nitasikia kelele na nitakuja mbio. Wakatafuta mahali pa mbali pa kunipeleka. Mmoja akataja Bujumbura. Wakakataa, huko nitapanda tu gari nirudi. Ndipo yule yule aliyenichunga nikikojoa akasema, "Mama mukwe wake si iko Bwegera? Kwa mama mukwe mutu hatorokaki."

Wakapiga makofi.

Kwa wasiojua mila zetu, ngoja nieleze kidogo, maana habari yote inasimama hapa. Huku kwetu mukwe na mama mukwe ni heshima ya kuogopesha. Humpi mkono. Humtazami sana usoni. Huli mbele yake, chakula chako unaletewa peke yako ndani. Mkikutana njia nyembamba, weye unaingia majanini mpaka apite. Na ukifika kwake, huondoki bila kuaga na kuruhusiwa. Kwa hiyo ile ilikuwa gereza, ila haina polisi.

Nilikasirika sana wakuu. Nilivua jezi pale pale, nikaitupa juu ya mbao. Nikasema basi, timu yenu mkae nayo. Nikatembea hatua chache, nikarudi kuchukua jezi yangu.

Nililia. Sitaficha. Mtu mzima, baba wa watoto, nililia mbele ya komite. Umefuata timu maisha yako yote ikikutia aibu, halafu siku moja tu inataka kukupa furaha, unaambiwa weye njo ulikuwa ugonjwa wake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliposikia ule ushahidi, na minye nilianza kuamini.

Nikakubali. Niliomba kitu kimoja tu, nisikilize mechi kwa simu. Wakajadili jambo hilo muda mrefu, wazee wazima, kama mikosi inaweza kupita kwenye telefone. Mwisho wakaamua kwamba shida iko kwenye macho yangu, masikio hayana neno. Na ili nafasi yangu isibaki wazi uwanjani, Mama Neema akae hapo, anisimulie.

"Minye?" Mama Neema akasema nilipompelekea habari. "Kwa mke mwenzangu?" Lakini alienda. Alivaa hata kitambaa cha njano, rangi yetu.

Siku ya finali asubuhi moto ikanijia. Motard, yaani dereva wake, alikuwa amepewa agizo la kunipiga picha nikifika, aitume kwenye grupu ya komite. Tukapita Kavimvira, mashabiki wa Radi na jezi zao za buluu wamejaa barabarani. Wakaniona nimevaa njano, naelekea upande usio wa uwanja. Wakashangilia. "Samaki anakimbia! Mechi haijaanza na samaki anakimbia!"

Ningewaambia nini?

Bwegera nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama mukwe alikuwa uani, ameanika mpunga kwenye shitingi kubwa ya plastiki, anafukuza kuku. Nikainama, nikasalimia kwa mbali. Akaitikia akiangalia pembeni, kama inavyotakiwa. Motard akapiga picha yake, akaondoka.

Nikapewa kiti upande mmoja wa shitingi. Yeye akakaa upande wa pili. Katikati yetu mpunga.

Mechi ikaanza. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu kwa sababu telefone yangu ukiiweka sikioni inazimika. Sauti ya Mama Neema ikatoka uani kwa mama yake.

Wakuu, mmeshawahi kusimuliwa mpira na mtu ambaye hajui mpira?

"Yule murefu amemupa yule mufupi. Mufupi amepoteza. Sasa wamesimama. Mmoja amelala chini, nafikiri amechoka. Ngoja, kuna mama anauza karanga hapa."

"Mama Neema! Mpira uko wapi?"

"Uko kule."

Mama mukwe akageuka. "Huyo si mutoto wangu?"

"Njo yeye, mama."

"Iko wapi? Mbona watu wanalia?"

"Iko uwanjani, mama. Kwenye mpira."

Akafikiri kidogo. "Mwanamuke iko kwenye mupira, na mwanaume amekuja kwa mama mukwe?"

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza nikiangalia mpunga, kwa heshima, komite, malaria, pancha, kukojoa (hapo nikasema "nilitoka kidogo"). Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo komite nzima haikuwa imelifikiria.

"Kwa hiyo uko na mikosi, na wakaamua hiyo mikosi uilete kwangu?"

Akaenda kuchota maji, akanyunyiza kidogo kuzunguka shitingi, kulinda mpunga wake. Kisha akarudi kukaa, mara hii karibu kidogo na telefone.

Kipindi cha pili, kelele. Mama Neema analia, "Wamefunga! Wamefunga!"

"Nani?"

"Sijui, watu wanaruka!"

"Watu wa rangi gani?"

Halafu, kwa sauti ndogo: "Buluu."

Sasa hapa wakuu niwaambie kitu ambacho sijawaambia hata jamaa wa komite. Nilipata nafuu kidogo. Tumefungwa, na minye niko Bwegera! Kwa hiyo mikosi haikuwa minye! Mechi ikiisha hivi, wataniomba msamaha wote, mpaka yule wa kukojoa.

Halafu nikasikia kwenye simu mashabiki wetu wanaimba. Wamefungwa na wanaimba. Ule wimbo wetu tunaimbaga tukiwa tunapoteza mechi, yaani tunaujua vizuri sana. Nikasikia ngoma, inapigwa vibaya na mtu mwingine.

Moyo wangu ulikatika. Nikakuta ninaomba. Mungu wangu, wafunge. Niitwe mikosi mpaka nizeeke, wafunge tu.

Kuku walipanda kwenye mpunga, mama mukwe hakuwafukuza.

Dakika zikaenda. Mama Neema akasema refa anaangalia saa. Akasema watu wa Kavimvira wameanza kucheza. Akasema yule mufupi ana mpira tena. Halafu akaacha kusema, ikawa kelele tu, kelele kubwa, na ndani yake sauti ya mke wangu, yule aliyekuwa akiita Mukeke mke mwenzake:

"Njano! Njano! Njano! Papa Neema, ni njano!"

Wakuu, sikumbuki kuamka kwenye kiti.

Ninachokumbuka ni mpunga chini ya miguu yangu. Nilikatiza shitingi katikati, kuku wakaruka, nikafika upande wa pili. Nikamkuta mtu. Nikamkumbatia. Nikamwinua juu, nikamzungusha, nikapiga kelele kwenye sikio lake.

Nikamweka chini. Nikamwangalia.

Mama mukwe.

Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa mkononi mwangu. Sijui kilifikaje.

Jirani mmoja aliyekuwa anatwanga upande wa pili wa ua aliacha mtwangio hewani. "Yooo! Mukwe amemushika! Mukwe amemushika mama mukwe!" Dakika moja ua ulijaa wanawake, wameshika midomo.

Mama mukwe akachukua kitambaa chake kutoka mkononi mwangu bila kugusa vidole vyangu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilitaka ardhi inimeze. Mtu akifanya vile kwetu, inaweza kuvunja ukoo. Nilisimama kwenye mpunga, wanawake wananiangalia, na Mama Neema bado iko kwenye simu.

"Wamemaliza sawa! Wanaenda kupiga penalti! Mbona umenyamaza?"

"Mama Neema," nikasema, "nimemukumbatia mama yako."

"Umefanya nini?"

"Nimemukumbatia. Nimemuinua."

"Weye! Mama yangu? Weye Papa Neema, mama yangu?" Halafu: "Ngoja, wanapiga."

Penalti zikaanza. Minye niko chini ya hukumu, simu mkononi, sijui nilie au nisikilize. Wanawake wale, ambao walikuja kuona aibu yangu, wakasogea kusikiliza na wao. Kila Mama Neema akisema "imeingia" wananiuliza ni yetu au yao. Walikuwa wameshaanza kusema "yetu".

Ikafika mahali, kama Dunia akidaka moja, kombe letu. Dunia, kinyozi wangu. Nikaficha uso.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango uliofungwa:

"Wamepiga?"

Wote tukageuka. Mlango haukufunguka.

"Bado, mama," nikajibu, nikiwa nimeinama kwa mlango.

"Sema wakipiga."

Mama Neema akapiga kelele. Safari hii sikuuliza rangi. Nilijua. Dunia amedaka.

Nikapiga magoti kwenye ule mpunga, nikalia kama mtoto. "Amedaka, mama," nikasema. "Tumechukua kombe."

Nyuma ya mlango, wakuu, kikatoka kigelegele. Kimoja, kirefu. Halafu kimya tena, kwa sababu yeye ni mama mukwe na alikuwa bado amekasirika.

Basi nilikwisha. Timu ilikuwa imeshinda bila minye, mikosi imethibitishwa, na juu yake nimevunja mila. Ndugu za mke wangu wakakaa, wakaamua nitoe mbuzi na kitenge kuosha ile aibu. Mbuzi komite njo ilitoa. Walikuja Bwegera wenyewe nayo, pamoja na kombe, ili mama mukwe alione. Minye niliruhusiwa kulishika, lakini kwa kitambaa, na Prezida aliniangalia wakati wote kama mtu aliyempa mtoto sahani ya udongo.

Lakini siku hiyo kukatokea ubishi. Yule jamaa wa kunichunga (ana akili nyingi, bahati mbaya) akasema: jamani, tuangalie vizuri. Papa Neema alipokuwa amekaa Bwegera kimya, tulifungwa. Alipomukumbatia mama mukwe, tulishinda penalti. Kwa hiyo dawa iko kwenye kutokuwepo kwake, ao iko kwenye kukumbatia?

Komite ikagawanyika. Wakapiga kura. Kukumbatia kukashinda.

Wakuu, sisemi uongo. Watu wazima wakamtuma mwanamke mmoja mwenye heshima zake aingie ndani amwulize mama mukwe, kwa adabu zote, kama finali nyingine ikitokea anaweza kukumbatiwa tena.

Tulingoja nje. Yule mama akatoka, amebana midomo asicheke.

"Amesema: kombe moja, mbuzi moja."

Tulikula vizuri siku ile.

Juzi Prezida Safari alikuja kwangu peke yake. Msimu mpya unaanza Jumapili. Alikaa, akazungusha kofia mikononi. Akasema, "Papa Neema, siku ile ya kombe nilikutafuta. Nilijua uko Bwegera, minye njo nilikutuma, na bado nilikutafuta. Watoto wanaruka, hawajui tumetoka wapi. Nilitaka mutu wa kulia naye." Akaweka kofia kwenye goti. "Jumapili kuja uwanjani. Tukipoteza, tupoteze pamoja."

Ni maneno niliyoyataka zaidi kuliko ngoma.

Kwa hiyo Jumapili ninaenda uwanjani, na Mama Neema anakuja, sasa hivi amenunua jezi yake mwenyewe na anabishana na Dunia juu ya mabeki. Mechi za kawaida nitazitazama kwa macho yangu haya mabaya, tufungwe tunavyofungwaga siku zote. Lakini nimemwambia Prezida: tukiingia finali, hata asiniite mkutanoni. Nitajipeleka Bwegera mwenyewe.

Fundisho nililopata ni hili: timu inaweza kukunyima kombe miaka yote, halafu ikakunyima na kuliona, na bado ukajikuta unapiga magoti kwenye mpunga wa mtu unalia kwa furaha. Msiniulize kwa nini. Mwenye timu ya aina hii ananielewa, wa timu za televisheni wapite tu.

Nawasikiliza wakuu. Nani mwingine timu yake imewahi kumfukuza? Na wanaojua mifugo: mbuzi wa kufuga mtu aanze na jike ao dume? Nataka kumweka tayari.